Tabora United kuelekea msimu wa 2025/26: anza kuhesabu waliobaki

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni shabiki wa Tabora United, nyumbani ni Isevya, hapa Tabora. Msimu wa 2024/25 tulifurahi sana, tukawafunga Yanga 3-1 palepale Chamazi. Sasa ni katikati ya 2025, winga wetu Offen Chikola kaenda Yanga, na tunasikia wenzake kadhaa mikataba imeisha. Kila siku kwenye simu naona jina jipya: huyu anakuja, yule kagoma, mwingine eti kashatua uwanja wa ndege. Hapa kijiweni wengine wanasema tunashuka, wengine wanasema tutawasumbua wakubwa. Nitajuaje kama kikosi chetu cha msimu ujao kina uzito au tunarudi kwenye mchujo wa kukwepa kushuka daraja? Na mechi za kirafiki, nizihesabu?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nimekaa kwenye mabenchi ya timu za mikoani na nimekaa pia kwenye vyumba vya usajili, na nitakujibu kwa jinsi mambo yanavyokwenda huko ndani. Usiuangalie usajili kuanzia kwa wanaoingia. Anza na waliobaki, kisha uliza mikataba yao inaishia lini. Timu ya mkoani haianguki kwa kukosa majina mapya. Majina yapo, na mawakala wa kuyaleta wapo wengi kupita kiasi. Inaanguka pale wachezaji saba au wanane waliozoeana wanapoondoka kwa mpigo, na hakuna hata mmoja aliyeiachia klabu fedha ya kumtafuta mrithi wake.

Historia ya Tabora yenyewe inatosha kukuonyesha. Rhino Rangers ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na ikashuka msimu huohuo. Pamoja nayo ilipanda Mbeya City, na hiyo ilimaliza nafasi ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi, ikiwa na vijana waliokwisha kuzoeana tangu ligi ya chini. Timu mbili zimetoka daraja moja, mwaka mmoja: moja inazisumbua Simba na Yanga, nyingine inarudi ilikotoka. Baada ya hapo Tabora ilikaa miaka tisa bila timu ya Ligi Kuu, hadi Kitayosce ilipopanda mwaka 2023 na kuwa Tabora United.

Na hiyo Kitayosce unakumbuka ilivyoanza. Tarehe 16 Agosti 2023, ugenini dhidi ya Azam, iliingia uwanjani na wachezaji 8 tu, kwa sababu usajili wa wengi waliokuwa wamechukuliwa haukuwa umekamilika. Azam wakafunga mabao 4 kabla mechi haijafika popote, matatu yakiwa ya Feisal Salum. Wachezaji wengine wakashindwa kuendelea, timu ikabaki na watu chini ya 7, na sheria ya tatu ya mpira wa miguu hairuhusu mechi kuendelea katika hali hiyo. Mwamuzi akamaliza. Msimu huo uliishia kwenye mchujo, na timu ikapona mbele ya Biashara United ya Mara. Nakukumbusha jambo hilo linalouma kwa sababu linajibu nusu ya swali lako. Wachezaji wale walikuwepo, majina yao yalikuwa yametangazwa, jezi walikuwa nazo. Ila kwenye mfumo wa usajili hawakuwa wachezaji wa klabu. Kikosi ni kile kilichoidhinishwa, na picha ya mtu ameshika jezi haimwidhinishi mtu.

Msimu uliofuata timu ilimaliza kwenye nusu ya juu ya msimamo. Hayo ni maendeleo ya kweli, yanastahili heshima, na ndiyo yaliyoleta tatizo unaloniuliza.

Tumchukue Chikola. Tarehe 7 Novemba 2024 aliwafunga Yanga mabao mawili katika ule ushindi wa 3-1, na wiki moja baadaye Yanga wakaachana na kocha wao Miguel Gamondi. Klabu kubwa ina kumbukumbu ndefu kwa mtu aliyeiumiza. Kuanzia jioni ile, mtu yeyote anayefanya kazi ya usajili alijua kijana yule hamalizi miaka mingi Tabora. Kuondoka kwake hakukupaswa kumshangaza mtu. Swali ambalo shabiki anapaswa kuliuliza uongozi wake, kwa adabu lakini bila woga, ni hili: mchezaji wetu akiondoka, anaondoka akiwa na mkataba au ameshamaliza?

Hapo ndipo pesa ilipo. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake anaweza kufunga makubaliano na klabu nyingine, na klabu hiyo inachotakiwa ni kuitaarifu kwa maandishi klabu aliyopo kabla ya kuanza mazungumzo naye. Mkataba unaoisha Juni unamaanisha kwamba ifikapo Januari kijana yuko huru kukaa mezani na mwingine. Kwa hiyo kwa klabu kama yenu, dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, ndilo nafasi ya mwisho ya kumuuza mtu ambaye mkataba wake unaisha katikati ya mwaka. Likipita, anaondoka bure.

Klabu nyingi za mikoani hupenda mkataba wa mwaka mmoja. Naelewa kwa nini. Hawajui mwakani watakuwa daraja gani, hawajui mdhamini atabaki, na hawataki kubebeshwa mshahara wa mtu aliyeshuka kiwango. Lakini mkataba wa mwaka mmoja kwa kijana wa miaka 21 anayechipukia ni kumlea kwa ajili ya mwenzio. Miezi mitatu ya kwanza anazoea, miezi mitatu inayofuata anang'aa, halafu tayari ni mchezaji wa watu. FIFA inaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano, na miaka mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Kwa mzawa aliye chini ya miaka 24 mimi ningesaini miaka mitatu, mshahara ukipanda kila mwaka kwa kiwango kilichoandikwa, na siku anauzwa ningedai kipengele cha asilimia ya mauzo yake ya baadaye. Kijana anafaidika, klabu inafaidika, na wewe shabiki unalala ukijua kwamba akienda Yanga, Simba au nje ya nchi, fedha itakayobaki Tabora itanunua wawili.

Basi kazi yako ya kwanza ni hii. Chukua daftari, andika wachezaji 11 walioanza mechi nyingi msimu uliopita. Pembeni ya kila jina weka alama: amebaki, ameondoka, haijulikani. Kisha uipime orodha hiyo kwa dakika. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, kwa hiyo nafasi moja uwanjani ina dakika 2,700 kwa msimu, na timu nzima ina dakika 29,700. Mchezaji aliyecheza dakika 2,300 na mchezaji aliyecheza dakika 300 wote wakiondoka, magazeti yataandika "wawili waondoka", lakini ukweli ni kwamba ameondoka mmoja. Jumlisha dakika za walioondoka. Zikiwa chini ya theluthi moja ya zile 29,700, tulia, hiyo ni hali ya kawaida kwa timu yoyote. Zikikaribia nusu, timu inajengwa upya, na hapo utegemee mechi nane hadi kumi za mwanzo kuwa za tabu hata kama waliokuja ni wazuri. Zikipita nusu, mtazame kocha kwa huruma.

Baada ya dakika, tazama mhimili. Namaanisha kipa, mabeki wawili wa kati, namba sita (kiungo mkabaji) na namba tisa (mshambuliaji wa kati). Winga akiondoka inauma, kwa sababu ndiye mnayemwona na ndiye anayewainua vitini. Lakini kwa uzoefu wangu winga anarithiwa ndani ya miezi miwili. Mabeki wa kati waliozoeana hawarithiwi hivyo. Yule wa kushoto anajua mwenzake huwa anachelewa kugeuka, anajua kipa wake hatoki kwenye krosi za mbali, anajua namba sita wake akipanda nani amzibe. Maarifa hayo hayaandikwi kwenye mkataba na hayahami na mtu mmoja. Kwa hiyo nikikwambia kuondoka kwa Chikola peke yake hakuishushi timu, sikufariji. Ningeambiwa wameondoka kipa, beki wa kati mmoja na namba sita, hapo ningekuwa na wasiwasi mkubwa, hata kama hakuna gazeti lililoweka habari hiyo ukurasa wa mbele.

Hata hivyo Chikola anaacha pengo la aina yake. Timu ya mkoani ikienda Chamazi au kwa Mkapa hukaa bila mpira kwa muda mrefu. Inahitaji mtu mmoja anayeweza kuupokea mpira karibu na mstari wa kati, akakimbia nao mita 40 na bado akawa na akili tulivu ya kumalizia. Watu wa namna hiyo ni wachache nchini, na wakionekana wanachukuliwa. Ukisikia klabu imemleta mrithi, usiulize ana mabao mangapi. Uliza anacheza vipi mechi ambazo timu yake haina mpira.

Sasa tuje kwa wageni na majina makubwa ya zamani, maana najua kijiweni hilo ndilo linalochemsha chai. Msimu uliopita mlikuwa na Heritier Makambo na Yacouba Songne, wote waliwahi kuvaa jezi ya Yanga, na kiungo Nelson Munganga kutoka Kongo. Kanuni za msimu huo ziliruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sina ugomvi na wageni, na mshambuliaji kama Makambo, anayejua ligi yetu na anayejua presha ya mashabiki wetu, ni bora kuliko mgeni aliyeonekana kwenye video ya dakika tatu. Ila tuwe wakweli kuhusu anacholeta. Mchezaji wa aina hiyo analeta mabao ya msimu huu, na pengine na wa kesho. Haleti fedha ya mauzo. Mkitumia sehemu kubwa ya bajeti kwa watu sita waliopita kilele, mkaacha vijana watatu waondoke bure, mwaka kesho mnaanza na mifuko mitupu na kikosi kilichozeeka kwa pamoja.

Mgeni pia ana gharama ambazo shabiki hazioni: kibali cha kazi na cha ukaazi, nyumba, tiketi, hati ya uhamisho wa kimataifa ambayo ikichelewa siku mbili baada ya dirisha kufungwa, umelipa mtu wa kukaa jukwaani hadi Januari. Kwa timu ya Tabora mimi ningeweka wageni watano au sita walio wazuri wazi kuliko mzawa aliyepo kwenye nafasi hiyo, na wote wawe kwenye mhimili niliokutajia. Mgeni wa kukaa benchi ni hasara isiyo na utetezi.

Tazameni jirani zenu wa Kigoma. Mashujaa ni timu ya jeshi, imejengwa kwa wazawa, na ilipanda mwaka 2023 sawa na ninyi, tena kwa njia ngumu ya mchujo. Aprili 2024 iliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, pale Uwanja wa Lake Tanganyika, 1-1 kisha penalti. Hawakuwa na majina ya kuuza jezi. Walikuwa na kikosi kinachojuana, kinacholipwa, kisichohama kila miezi sita. Ajira ya jeshi inampa mchezaji utulivu ambao klabu ya kiraia haiwezi kuuiga moja kwa moja, hilo nalikubali. Lakini nidhamu ya kubaki na mabeki walewale inaweza kuigwa na klabu yoyote. Na mkoa wa Kigoma haukuanza leo kutoa wachezaji. Juma Kaseja ni mzaliwa wa huko. Kati ya Ujiji na Tabora kuna vijana wa kutosha wanaocheza ligi za mkoa ambao skauti mmoja makini, mwenye nauli ya treni na muda wa kukaa wiki mbili, angewapata kwa gharama ndogo kuliko tiketi moja ya ndege ya mgeni wa majaribio. Hilo linaniuma kila mwaka, na nitalisema kila mwaka.

Jambo la malipo lazima niligusie, maana hapo ndipo vikosi vingi huvunjikia kimyakimya. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba kwa sababu halali iwapo klabu haijamlipa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku zisizopungua 15 za kulipa. Klabu ikishitakiwa ikashindwa, na bado isilipe, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Yaani deni la mchezaji mmoja aliyeondoka miaka miwili iliyopita linaweza kuwazuia wachezaji kumi mliowasajili leo. Shabiki hawezi kuona daftari la mishahara, lakini hakosi pa kuchungulia. FIFA huweka hadharani orodha ya klabu zilizofungiwa kusajili, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kutafuta jina la klabu yake humo. Fanya hivyo kabla dirisha halijafungwa. Vilevile siku ya kwanza ya mazoezi nenda kahesabu waliofika. Mchezaji anayelipwa vizuri huripoti kwa wakati. Mchezaji anayedai huwa "anauguliwa nyumbani".

Kalenda ya safari hii nayo ni ya kipekee, na naona watu wengi hawaipi uzito. Ligi ilimalizika 25 Juni 2025, imechelewa sana. Kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti 2025 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, inaandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani, na kwa hiyo ligi haiwezi kuanza kabla ya hapo. Halafu kuanzia 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026 kuna AFCON kule Morocco, na Taifa Stars imefuzu. Mechi zile 30 ni zilezile, ila nafasi ya kuzichezea imebanwa pande zote mbili.

Kwa Tabora United hali hiyo ina faida na hasara. Faida ni kwamba Simba, Yanga na Azam watatoa watu wengi kwa timu za taifa, na tena wana mechi za Afrika katikati. Ninyi mtakuwa na wiki nyingi za kufanya mazoezi mkiwa kamili. Kocha anayejua kazi yake angeitumia Agosti yote kujenga timu, tena akiwa na nafasi ya kurekebisha usajili. Hasara ni kwamba ligi ikisimama, mishahara haisimami. Mwezi usio na mechi ya nyumbani ni mwezi usio na mapato ya mlangoni, na mchezaji anakula kila siku. Klabu isiyo na akiba huanza kuyumba kwenye mapumziko kama haya, na ligi ikirudi utaona timu imelegea usijue sababu. Halafu ligi ikishaanza tena, mechi zitafuatana kwa karibu, na hapo ndipo mchezaji wa 15 na wa 16 kwenye orodha anakuwa muhimu kuliko nyota. Kwa hiyo ukisikia klabu imemleta beki wa kulia wa pili ambaye hakuna anayemfahamu, usicheke. Inawezekana huo ndio usajili bora wa dirisha zima.

Safari pia zimebadilika. Kagera Sugar na KenGold wameshuka, Mtibwa Sugar na Mbeya City wamepanda. Mmepoteza safari ya Bukoba kwa Kagera, mmepata ya kwenda kwa Mtibwa, na Mbeya bado ipo kwa sababu ya Prisons. Tabora iko katikati ya nchi lakini kwenye ligi hii iko mbali na karibu kila mtu: Ruangwa kwa Namungo, Tanga kwa Coastal, na Dar es Salaam mara tano. Jirani wa kweli ni Mashujaa, Pamba, Singida na Dodoma. Timu inayosafiri hivi kwa barabara inahitaji miguu mipya, na mabadiliko ya wachezaji watano yanayoruhusiwa kwenye mechi hayana maana kama watano wenyewe hawapo. Nyumbani nako, Septemba na Oktoba kabla ya mvua, mnalijua joto la Tabora saa kumi jioni. Timu iliyojiandaa vizuri kimwili itavuna pointi kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi katika miezi hiyo, kwa sababu wageni watakuwa wamechoka ifikapo dakika ya 70. Na hao wawili waliopanda msiwachukulie kama wageni wa ligi. Mtibwa wamewahi kuwa mabingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Hawaji kutalii.

Kuhusu kocha nitasema machache tu. Kubadilisha kocha na nusu ya kikosi kwa wakati mmoja ni kubomoa nyumba ukiwa umelala ndani. Kama kocha mpya anakuja, basi wachezaji wabaki. Kama wachezaji wengi wanaondoka, basi kocha abaki. Na kocha yeyote aliyepo ashirikishwe kwenye usajili, si kukabidhiwa orodha.

Sasa unataka niseme nafasi. Mhimili ukibaki, madeni yakiwa yamelipwa, na wakapatikana angalau wachezaji wawili wa kushambulia kwa kasi mahali pa Chikola, naiona Tabora United kati ya nafasi ya saba na ya kumi. Ni chini kidogo ya matumaini yenu, na sioni aibu kusema hivyo: msimu wa tatu ni mgumu, wapinzani wameshawasoma, na hakuna atakayekuja Tabora tena akidhani anakuja kuchukua pointi za bure. Mhimili ukivunjika, mtakuwa mnapigania kukwepa nafasi ya 13 na ya 14, zile za mchujo, na mnajua ladha yake. Kushuka moja kwa moja, kwa maana ya nafasi ya 15 au 16, sikuoni isipokuwa klabu irudie makosa ya karatasi ya Agosti 2023. Na kumi bora kwa timu yenye misimu miwili tu kwenye Ligi Kuu ni kazi ya kujivunia, msiwakubalie wanaowaambia vinginevyo.

Nasikia pia watu wakiwalaumu vijana wanaoondoka, wakiwaita wasaliti. Naomba muache. Mpira wa miguu una miaka kumi, kumi na miwili ya kulipwa, kwa aliyebahatika. Kijana aliyewapa usiku ule wa Chamazi amewalipa. Hasira yenu, kama ipo, ielekezeni kwenye kudai mikataba mirefu kwa wanaofuata.

Umeuliza kuhusu mechi za kirafiki. Matokeo usiyahesabu hata kidogo. Timu inaweza kumfunga mtu 5-0 kwa sababu mpinzani aliingiza vijana wa mtaani kipindi cha pili. Lakini nenda ukazitazame, na utazame mambo haya. Mabeki wawili wa kati walewale wameanza mechi mbili au tatu mfululizo, au kila mechi kuna sura nyingine? Nani anapiga kona na faulo, na mtu huyo amepewa kazi hiyo au wanagombania? Mpira ukipotea, namba sita anakimbilia wapi, na nani anamwelekeza? Aliyetangazwa kwa mbwembwe wiki mbili zilizopita, yuko uwanjani au amekaa jukwaani na nguo za nyumbani? Ukimwona amekaa jukwaani mechi ya kwanza, si neno, pengine ana uchovu wa safari. Ukimwona hapo mechi ya tatu, nenda kamuulize msemaji wa klabu kama kibali chake kimetoka, na umuulize mapema, dirisha likiwa bado wazi.